Bullard na Uzito wa Bonde la Ufa

Edward Crisp Bullard, mwanafizikia wa Kiingereza, alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1933 na 1934 akipima nguvu ya mvutano wa dunia. Alitaka kujua kilichomo chini ya Bonde la Ufa. Vipimo alivyorudi navyo vilikuwa vizuri; maelezo aliyoyajenga juu yake hayakudumu.

Alizaliwa Norwich tarehe 21 Septemba 1907, katika ukoo wa watengeneza bia. Alisoma Cambridge, kisha akaingia maabara ya Cavendish enzi za Rutherford, akichunguza jinsi elektroni zinavyotawanyika zinapogonga atomu za gesi. Mwaka 1931 aliiacha fani hiyo akaajiriwa katika idara changa ya jiodesia na jiofizikia chuoni hapo, chini ya Gerald Lenox-Conyngham, aliyewahi kuwa mpima ardhi India. Kwa kijana aliyelelewa miongoni mwa magwiji wa atomu, kuhamia kwenye mawe na pendulamu kulionekana kama kushushwa cheo.

Mvutano wa dunia haulingani kila mahali. Dunia imetuna kwenye ikweta na pia inazunguka, kwa hiyo kitu kikiangushwa London huongeza kasi kwa mita 9.812 kwa sekunde kila sekunde, lakini Dar es Salaam ni 9.781 hivi. Pendulamu hubembea polepole zaidi mvutano ukiwa mdogo, hivyo saa ya pendulamu iliyorekebishwa London, ikitundikwa ukutani katika duka la Mwenge jijini humo, itachelewa zaidi ya dakika 2 kwa siku, na fundi hataona kilichoharibika. Hiyo ni tofauti kubwa mno. Bullard alikuwa akiwinda sehemu moja katika milioni, tofauti inayoletwa na mawe mepesi au mazito yaliyofichika ardhini.

Ili kuipata, pendulamu hubembezwa kwa muda mrefu na mibembeo yake kupimwa kwa saa ya kuaminika. Ikibembea kwa saa nzima, kosa la kuhesabu wakati lisifike hata sekunde 0.002. Hakuna saa ya kubeba safarini iliyoweza kutunza wakati kiasi hicho, hivyo Bullard alitegemea ishara za saa zilizorushwa kwa redio kutoka Uingereza. Pendulamu zilikuwa mbili, zikibembea kwa kupishana ili moja ifute mtikisiko ambao nyingine inausababisha kwenye kiegemeo. Joto lilisahihishwa, na shinikizo la hewa pia. Mwinuko wa kila kituo ulihitaji kujulikana vizuri, kwa sababu kupanda mita 3 tu hupunguza mvutano kwa ile ile sehemu moja katika milioni.

Hakuwa wa kwanza. Mjerumani Ernst Kohlschütter alipitisha pendulamu zake katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1899 na 1900. Matokeo ya Bullard, yaliyochapishwa mwaka 1936 na Royal Society ya London, yalionyesha kwamba ndani ya Bonde la Ufa mvutano ni mdogo kuliko inavyotarajiwa. Chini ya bonde, basi, kuna upungufu wa uzito.

Hapo ndipo hesabu zilipoingia kwenye mabishano ya wanajiolojia kuhusu jinsi bonde lilivyotokea. J. W. Gregory, aliyefika Kenya mwaka 1893, alishikilia kwamba ardhi ilivutwa pande mbili, kipande cha katikati kikazama. E. J. Wayland wa idara ya jiolojia ya Uganda alisema kinyume chake: ardhi ilibanwa. Bullard alimuunga mkono Wayland. Ganda la dunia huelea juu ya mawe mazito zaidi, kama gogo majini. Kama sakafu ya bonde ingekuwa huru, alisema, ingepanda hadi ipate mizani yake na upungufu ule ungetoweka. Kwa kuwa haujatoweka, lazima kingo za bonde zimeikandamiza. Alikokotoa hata jinsi ganda linavyopinda na kukatika, akapata upana unaokaribiana na wa bonde lenyewe. Hoja ilikuwa nadhifu, tena ilikosea. Mwaka 1950 Mholanzi Vening Meinesz alionyesha kwamba kabari ya ganda iliyo nyembamba upande wa chini inaweza kuzama hata ardhi ikitanuliwa. Mashapo mepesi yaliyojaa bondeni na mawe ya moto yaliyo chini zaidi hupunguza mvutano pia. Leo vipokezi vya GPS vinaonyesha kingo mbili zikiachana kwa milimita chache kwa mwaka. Gregory ndiye aliyekuwa karibu na ukweli.

Bullard hakukwama hapo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alishughulikia kinga ya meli dhidi ya mabomu ya sumaku. Kuanzia 1950 hadi 1955 aliongoza maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza, na mwaka 1954, pamoja na Gellman, alichapisha hesabu za jinsi chuma kilichoyeyuka katika kiini cha dunia kinavyozalisha usumaku wake. Mwaka 1965, akishirikiana na Everett na Smith, alitumia kompyuta kulinganisha kingo za Afrika na Amerika ya Kusini chini ya bahari. Zilikaa vizuri kiasi kwamba waliopinga kuhama kwa mabara walibaki na hoja chache. Mtu aliyesema Bonde la Ufa limebanwa akawa miongoni mwa waliothibitisha kwamba mabara huachana. Alifariki La Jolla, California, tarehe 3 Aprili 1980.