Anzia Kwenye Udi, Bach Atafika

Mwalimu wa muziki anapoingia darasani na kitabu cha historia, mara nyingi huanzia Ulaya. Hupita kwa Bach, Mozart na Beethoven, na muda ukibaki huweka kipindi kimoja cha ngoma za Afrika. Nimeyaona madarasa hayo katika vituo vya sanaa vya mitaani, ambako mama wa makamo, kijana wa bodaboda na mtoto wa darasa la sita wamekaa mkeka mmoja. Kufika wiki ya tatu, mkeka uko nusu. Kosa si lao. Historia ya muziki wa dunia ingeanzia kwenye ala ambayo mwanafunzi tayari anaipakata.

Tuchukue udi. Kwa Kiarabu jina lake maana yake ni mti, ndiyo maana kwa Kiswahili neno hilohilo linataja pia ule unaofukiziwa nguo na nyumba. Waarabu waliufikisha Hispania, na Wazungu wakalichukua jina pamoja na “al” yake ya mbele, likageuka kuwa “lute”. Bach aliitungia muziki ala hiyo. Basi naye ameingia darasani, ila safari hii amekuja kama jamaa wa udi, na mwanafunzi wa Unguja ana sababu ya kutaka kumsikia.

Taarabu yenyewe ni ramani. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Kikundi cha Ikhwani Safaa kikaundwa 1905. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, akiimba kwa Kiswahili. Tarehe hizi zikikaririwa tu, husahaulika kesho yake. Wapigie wanafunzi santuri ya Siti mara tatu, kisha uwaulize: wapi unasikia Misri, wapi Bara Hindi, wapi ngoma ya nyumbani? Watabishana, na ubishi huo ndio somo. Halafu waimbe rast, mojawapo ya maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, ambayo sauti yake ya tatu inaangukia katikati ya vitufe viwili vya piano. Wakiitafuta kwenye kinanda na kuikosa, wataelewa kwamba piano ni kipimo kimoja tu miongoni mwa vingi.

Hapa mwalimu awe na tahadhari, kwa maana kufanana si lazima kuwe udugu. Wapigaji wa kidumbak, muziki wa Zanzibar ulio jamaa wa taarabu, hutumia fidla, vidumbak viwili na besi iliyotengenezwa kwa sanduku la chai. Mnamo 1957 vijana wa bendi ya Quarrymen ya Liverpool, John Lennon akiwamo, nao walikuwa na besi ya sanduku la chai. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Biashara ya chai ilitawanya masanduku mengi, na maskini wa pande zote wakaona ndani yake ala. Udi na “lute” vina nasaba inayofuatilika, lakini masanduku haya yana hali moja ya maisha tu. Mwanafunzi anayejua kutenganisha mambo hayo mawili ameanza kuwa mwanahistoria.

Mwalimu wa Lubumbashi si lazima aanze na udi. Ana gitaa, na ana santuri za mfululizo wa GV zilizoanza kutolewa 1933, ambazo ziliurudisha Kongo muziki wa Kuba uliobeba midundo ya Waafrika waliosafirishwa utumwani.

Haya yote yanahitaji watu wanaoujua muziki kwa mikono yao. Bi Kidude, aliyezibeba nyimbo za Siti hadi majukwaa ya Ulaya, alifariki 2013. Kila mtaa wa pwani una mzee aliyepiga fidla au kanuni harusini kwa miaka mingi. Waalikeni darasani sasa, na walipwe kama mwalimu mwingine yeyote.