Tabibu Awe Shahidi Wako

Kwetu Afrika Mashariki, kijana atakaye kusomea udaktari hupimwa kwa sehemu kubwa na alama zake za fizikia, kemia na baiolojia, na mtihani ukisha kusema, ni nadra mtu kuulizwa habari za mwenendo wake. Marekani mambo ni mengine. Huko aghalabu chuo cha udaktari huingiwa baada ya miaka minne ya shahada ya kwanza, na juu ya mtihani mzito uitwao MCAT, mwombaji hutakiwa kuleta watu wa kumshuhudia kwa barua: walimu wake wa sayansi kwanza, na pengine tabibu ambaye alipata kumfuata kama kivuli katika zahanati au hospitali, akitazama jinsi mgonjwa anavyopokewa, anavyohojiwa na anavyofarijiwa. Wana wa wazazi waliohamia huko kutoka Mombasa, Bujumbura au Kongo hukutana na desturi hii bila ya kuwa na mzee nyumbani aliyeipitia, na kwa ajili yao naandika.

Barua ya tabibu ni ushahidi, na shahidi hawezi kusema asilolishuhudia. Kijana aliyesimama siku mbili karibu na mlango, akidhani kuwa adabu yote ni kukaa kimya, amemwachia tabibu neno moja tu la kuandika, kwamba alifika. Lakini yule aliyekwenda wiki baada ya wiki, akangoja mgonjwa atoke ndipo akauliza kwa nini dawa hii ilichaguliwa ikaachwa ile, akasoma usiku na kurudi na swali la pili lililo bora kuliko la kwanza, huyo amempa tabibu kisa cha kusimulia, na kisa kimoja cha kweli huzidi sifa kumi za jumla. Ikiwa huna kisa, bora uwategemee walimu wako. Katika vyuo vingi barua ya tabibu uliyemfuata ni ya nyongeza tu. Isipokuwa vyuo vya osteopathia, taaluma ya Andrew Taylor Still, aliyefungua chuo cha kwanza Kirksville, Missouri, mwaka 1892: vingi kati ya hivyo hudai au hupendelea barua ya tabibu wa fani hiyo.

Ama namna ya kuomba, hapo malezi yetu na desturi za wenyeji hugongana. Sisi tumefundishwa kumwendea mkubwa kwa mzunguko, salamu na habari za nyumbani, kisha salamu tena, na haja yenyewe hutajwa mtu akiwa amekwisha shika komeo la mlango. Mmarekani mwenye wagonjwa wanaomngoja hatafahamu umekuja kutafuta nini. Heshima ya huko ni kuitaja haja mapema, na kuitaja kwa namna inayomwachia aombwaye njia ya kukataa: “Daktari, je, waona umenifahamu kiasi cha kuweza kuniandikia barua yenye nguvu?” Swali hili ni kali masikioni mwetu, walakini lina hekima yake, kwani tabibu aliyeona haya kukataa ataandika barua baridi, nayo humdhuru mwombaji kuliko kukosa barua. Akisita, mshukuru umwache. Kusita ni jibu.

Akikubali, mpe muda usiopungua mwezi. Mpe na wasifu wako, maelezo uliyoyaandika juu ya sababu za kutaka udaktari, tarehe ya mwisho, na ukumbusho mfupi wa siku mlizokuwa pamoja, pasipo jina wala alama ya mgonjwa yeyote, maana siri za wagonjwa ni amana, na sheria ya mwaka 1996 iitwayo HIPAA huzilinda. Barua haipiti mkononi mwako. Hupelekwa kwa njia kama AMCAS, idara ya maombi ya jumuiya ya vyuo vya udaktari, ambayo hupokea hadi barua 10 kwa mwombaji mmoja. Utaulizwa pia kama unaisamehe haki ya kuisoma, inayotokana na sheria ya mwaka 1974. Isamehe, kwani ushahidi unaochunguliwa na mwenyewe hutiliwa shaka.

Wako matabibu watakaokuambia, “Iandike wewe, nami nitatia sahihi.” Hawasemi hivyo kwa ubaya, shughuli zimewazidi. Hata hivyo usikubali: jibu kwa upole kwamba utamwandalia nukta za kumkumbusha, na maneno yawe yake. Najua kuwa wengi hukubali. Mimi sioni jinsi mtu awezavyo kuianza kazi ya kuaminiwa na wagonjwa kwa kujisifu kwa kalamu ya mwingine.

Majibu ya chuo yakija, yawe mema yawe mabaya, mwandikie tabibu yule umjulishe, kabla hajasikia kwa mtu mwingine.