Uswisi Bei Hushushwa na Kalenda

Ndia Kuu ya Mombasa, tangu mwanzo wake karibu na Ngome ya Yesu hadi ndani ya Mji wa Kale, bei ni mazungumzo. Mwenye duka hutaja yake, mnunuzi hutaja yake, wakaulizana hali, wakapatana. Mtu aliyelelewa katika biashara ya namna hii akifika Zurich hupigwa na butwaa: bei imebandikwa, na muuzaji hana idhini ya kuigusa. Wengi hukata tamaa hapo hapo, wakaanza kushinda na njaa ili pesa zifike mwisho wa safari. Kazi yangu ni kuwapangia watu safari, na jambo ninalowaeleza kila mara ni hili: Uswisi kuna punguzo kubwa, lakini halitafutwi kwa ulimi. Hulipata aliyenunua mapema na kuzijua kanuni ambazo wenyeji wenyewe huzifuata.

Watu wetu huenda Uswisi kuwatembelea watoto na ndugu waliooa au kuolewa huko, au kuhudhuria mikutano Geneva, mji wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, ambako Mkenya Mukhisa Kituyi aliongoza mojawapo ya hayo, UNCTAD, kuanzia 2013 hadi 2021. Mwaka 2025 faranga moja ya Uswisi ilipita shilingi 140 za Kenya. Hata hivyo, si kila kitu ni ghali kwa kiwango kimoja. Mishahara huko ni mikubwa, kwa hivyo chochote kinachohitaji mkono wa mtu, kama kupikiwa, kuhudumiwa mezani, kuendeshwa kwa teksi au kunyolewa, kina bei ya kutisha. Bidhaa za rafuni, maji ya kunywa, bustani, fuo za maziwa na treni zilizolipiwa mapema zina nafuu. Msingi wa kubana matumizi ni huo: punguza kununua kazi ya mikono, tumia zaidi kile ambacho umma umekwisha kukilipia.

Kabla ya kuondoka

Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen tangu Desemba 2008. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024. Watoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Peleka mapema, maana viza ikichelewa kila kitu kinachoifuata hununuliwa kwa bei ya dharura.

Bima ya safari ya angalau yuro 30,000 ni sharti, na hapo usitafute njia ya mkato. Matibabu ya Uswisi ni ya bei ya juu sana, na usiku mmoja hospitalini unaweza kumeza akiba ya miaka.

Msafiri anayejitegemea huombwa kuonyesha kwamba ana faranga 100 hivi kwa kila siku ya kukaa kwake. Asiyeweza huandikiwa dhamana na mwenyeji wake, nayo hufika hadi faranga 30,000. Mzazi anayetiliwa saini hiyo na mwanawe aelewe uzito wake: pakitokea deni la hospitali au la serikali, mwana ndiye atakayedaiwa.

Kwa ndege, linganisha pia safari zinazoanzia Mombasa kwenyewe kupitia Addis Ababa au Istanbul. Tiketi ya Nairobi inaweza kuonekana rahisi mpaka ujumlishe nauli ya kufika Nairobi, chakula na usiku wa kulala huko.

Treni

Tiketi kamili ya daraja la pili kutoka Zurich hadi Geneva hupita faranga 80, kwenda tu. Lakini shirika la reli, SBB, huuza safari ile ile kwa bei mbalimbali kulingana na siku unayonunua. Ziko tiketi ziitwazo Supersaver, ambazo punguzo lake linaweza kufika asilimia 70. Sharti lake ni kwamba zimefungwa na treni moja ya saa maalumu. Ukiikosa, tiketi imekufa. Iko pia pasi ya siku nzima, Saver Day Pass, inayoanza kuuzwa miezi 6 kabla. Imekuwa ikianzia faranga 52, na faranga 29 kwa mwenye kadi ya nusu nauli, kisha hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia. Piga hesabu: aliyeipata kwa 52 amelipa pungufu ya tiketi moja ya kwenda Geneva, naye anaweza kwenda na kurudi, akapanda mabasi, tramu na meli nyingi za maziwani siku hiyo hiyo.

Kadi ya nusu nauli ya wageni hudumu mwezi mmoja. Kujua kama inakufaa ni rahisi: jumlisha nauli kamili za safari zote unazokusudia. Zikizidi bei ya kadi mara mbili, inunue, zisipofika, iache. Watoto wa chini ya miaka 6 hawalipi nauli, na wa miaka 6 hadi 15 husafiri bure na mzazi mwenye kadi hiyo, mradi aombe Swiss Family Card, ambayo hailipiwi chochote. Familia nyingi hukosa haki hii kwa sababu tu hawakuiomba.

Vituo vya huko havina mageti. Unaingia hadi behewani bila kuulizwa, na mkaguzi hupita treni ikiwa mwendoni. Asiye na tiketi hutozwa karibu faranga 100. Nunua kabla ya kupanda, hata kwa kituo kimoja.

Chakula na maji

Sahani ya kawaida mkahawani ni faranga 20 hadi 30, kwa sababu ulizoziona: unalipa mikono. Duka kubwa ndilo jiko la msafiri. Migros lilianzishwa mwaka 1925 na Gottlieb Duttweiler kwa malori matano yaliyozunguka Zurich yakiuza kahawa, mchele, sukari, tambi, mafuta ya nazi na sabuni kwa bei iliyowakasirisha wenye maduka. Hadi leo halina pombe katika rafu zake. Tafuta bidhaa za M-Budget hapo, na Prix Garantie ukiwa katika duka la Coop. Denner, Aldi na Lidl nazo ni za nafuu. Jioni, kabla ya kufunga, vyakula vya siku hiyo hubandikwa vibandiko vya punguzo. Jumapili maduka mengi hufungwa, isipokuwa ya vituo vikubwa vya reli na viwanja vya ndege, kwa hivyo manunuzi ya Jumapili yafanywe Jumamosi.

Kwa Waislamu, jambo moja linahitaji maelezo. Tangu kura ya mwaka 1893, Uswisi imekataza kuchinja mnyama bila kwanza kumpotezea fahamu. Nyama ya halali inayouzwa katika maduka ya Waturuki na Waarabu kwa sehemu kubwa hutoka nje, na bei yake hufuata. Siku nyingi samaki, mayai, dengu na mboga vitakutosha na kukupunguzia gharama.

Maji usinunue. Mji wa Zurich pekee una chemchemi zaidi ya 1,200 barabarani, na maji yake ni safi ya kunywa isipokuwa palipoandikwa kwamba hayanyweki. Beba chupa yako. Na ukiingia mkahawani, ujue kwamba tangu 1974 malipo ya huduma yamo ndani ya bei. Bakshishi si lazima.

Kulala

Hapa ndipo usomaji wa masharti unapolipa. Geneva, Basel, Bern na Lausanne humpa mgeni aliyelala katika hoteli kadi ya usafiri wa mjini bila malipo kwa muda wote wa kukaa kwake, kwani imekwisha kulipiwa na kodi ya wageni iliyomo kwenye bili. Hosteli pia zimo. Asiyeulizia kadi hiyo hulipa nauli mara mbili.

Wengine hulala ng'ambo ya mpaka. Tangu Desemba 2019 treni ya Léman Express huunganisha Geneva na Annemasse, Ufaransa, na viza ya Schengen inakubalika pande zote mbili. Kabla ya kuamua, jumlisha nauli ya kila siku na uondoe thamani ya kadi ya hoteli utakayoikosa. Na ukinunua vitu Ufaransa au Ujerumani ukavirudisha Uswisi, kumbuka kwamba tangu Januari 2025 kiwango kisichotozwa kodi ni faranga 150 kwa mtu. Nyama isiyotozwa ushuru ni kilo moja kwa siku.

Pesa na simu

Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa faranga, chagua faranga daima. Ukichagua shilingi, ubadilishaji hufanywa na mwenye mashine kwa kiwango anachokipenda yeye. Tiketi za treni unaweza kuzilipia ukiwa nyumbani kwa kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanzishwa 2022. Kwa simu, soma vizuri orodha ya nchi kabla ya kununua kifurushi cha Ulaya, kwa sababu vingi vyake haviihesabu Uswisi.

Ukifikia kwa ndugu

Akiba kubwa kuliko zote ni kulala kwa jamaa, na ndiyo inayohitaji adabu zaidi. Gharama haikutoweka, imehamia kwake. Nenda naye dukani ulipe, na upike. Viungo vikavu vya Mombasa vina thamani zaidi kwake kuliko zawadi ya uwanja wa ndege. Nyama, maziwa na samli haviruhusiwi mpakani, wala maembe yasiyo na cheti cha afya ya mimea. Nazi, ndizi, tende na mananasi hupita.

Pesa zilizookolewa zisirudi zote nyumbani. Maonyesho ya Science Gateway ya CERN, yaliyofunguliwa Geneva Oktoba 2023, hayana kiingilio, na mkusanyiko wa kudumu wa makumbusho ya Musée d'art et d'histoire pia ni bure. Lakini treni ya kupanda mlimani hulipiwa, na hiyo ndiyo ya kuitengea fungu tangu mwanzo. Asiyepanga huzimaliza faranga zake kwa chai na maji ya chupa, akarudi bila kuuona mlima wenyewe. Anayepanga huanza na viza, akafuata malazi na treni, kwa sababu hivyo vitatu ndivyo vinavyomwadhibu mchelewaji. Vingine vyote vinaweza kungoja mpaka afike.