Mkono wa Mashine Wamtumikia Nani?

Wako wafanyakazi ambao, wakisikia kwamba mashine imeingia kazini, huona mlango wa kufukuzwa umefunguliwa. Hofu hiyo ina asili yake, maana tajiri apendaye faida kuliko watu amekwisha kuwatoa wengi kazini kwa njia hiyo. Lakini leo twapenda kuzungumza juu ya kazi moja ambayo mkono wa binadamu peke yake hauiwezi. Kazi hiyo ni kutafuta dawa mpya.

Mtafuta dawa hajui mapema ni kitu gani kitakachoua kijidudu. Hana budi kujaribu vitu vingi mno, kimoja kimoja. Huchukua kisahani cha plastiki, ukubwa wake kama kiganja, chenye vishimo 96, au 384, au hata 1,536. Katika kila kishimo hutiwa tone la kitu kimoja, kisha damu yenye vijidudu vya malaria. Siku zipatazo tatu zikipita, hupimwa kama vijidudu vi hai au vimekufa. Wala kisahani hicho hakikuzaliwa katika utajiri. Mwaka 1951, mjini Budapest, Gyula Takátsy alichonga vishimo katika kibao cha plastiki kwa sababu vyombo vya maabara vilikuwa haba.

Zamani maji ya maabara yalivutwa kwa mdomo, kwa mrija wa kioo, na wako walioambukizwa maradhi kwa kumeza kile walichokuwa wakikipima. Mwaka 1957 Heinrich Schnitger wa Marburg, Ujerumani, alitengeneza pipeti ya kubonyezwa kwa kidole gumba. Mdomo ukasalimika, lakini kidole kikaanza kuuma kwa kubonyeza kutwa. Leo mkono wa mashine hushusha ncha 96 au 384 kwa pamoja, na kugawa matone kwa mikrolita, yaani lita moja iliyogawanywa mafungu milioni.

Tufanye hesabu. Mtu atiaye tone moja kila sekunde tano, kwa muda wa saa nane bila kupumzika, atatia matone 5,760 kwa siku. Akipewa vitu milioni mbili, itamchukua siku 347, bila Jumapili wala sikukuu, na hapo atakuwa ametia kila kitu mara moja tu.

Hata hivyo mashine si malaika. Ncha moja ikiziba, au povu la hewa likiingia, itarudia kosa lile lile mara elfu bila kuona haya. Kwa hiyo fundi huipima kwa kupima uzito wa maji iliyoyagawa, akijua kwamba mikrolita moja ya maji ni kama miligramu moja. Jicho la mfanyakazi bado ndilo hakimu.

Basi swali kubwa ni hili: mashine hiyo yatumwa na nani? Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mashine haijui mgonjwa wa Ulaya wala mtoto wa Kigoma. Hutafuta lile iliyoagizwa. Kwa miaka mingi mashine za makampuni makubwa ziliagizwa zaidi kutafuta dawa za wagonjwa wenye fedha, na maradhi ya maskini yakakaa barazani yakingoja.

Lakini agizo likibadilika, matunda hubadilika. Katika maabara ya Tres Cantos, karibu na Madrid, Hispania, kampuni ya GlaxoSmithKline ilipima vitu karibu milioni mbili dhidi ya kijidudu cha malaria. Mwaka 2010 ilivitangaza hadharani 13,533 vilivyoonyesha nguvu, ili mtafiti yeyote avitumie. Wala si dawa 13,533 hizo. Ni mbegu tu, nayo safari ya kutoka kwenye kishimo hadi kwa mgonjwa ni ya miaka mingi. Mwaka huo huo Profesa Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, alianzisha kituo cha H3D katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ili Waafrika nao watafute dawa wenyewe.

Jambo hili latuhusu sana. Vijidudu vyenye usugu dhidi ya artemisinini vimekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Dawa tunazozitegemea leo hazitadumu milele.

Tulipotangaza vita juu ya ujinga, umaskini na maradhi, hatukusema tutapigana kwa silaha za kuazima siku zote. Tusiichukie mashine. Tuwafundishe vijana wetu kuiendesha, kuifungua, kuitengeneza na, zaidi ya yote, kuiagiza. Asiyeagiza hupokea masazo.