Samaki wa Ziwa Naivasha na bahati ya mvuvi wa ndoana

Ziwa Naivasha liko katika sakafu ya Bonde la Ufa nchini Kenya, takriban kilomita 90 kaskazini magharibi mwa Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni ziwa dogo. Kwa miongo mingi eneo lake limekuwa likipanda na kushuka kati ya kilomita za mraba 100 na 150 au zaidi, kufuatana na mvua za miaka iliyotangulia. Kina chake pia ni kifupi, mita chache tu katika sehemu kubwa. Kilindi chake kimo karibu na Kisiwa cha Crescent, ambacho kwa hakika ni ukingo wa kreta ya volkano iliyozama.

Majirani zake, Elementaita na Nakuru, ni maziwa ya magadi, lakini maji ya Naivasha hunyweka. Hakuna mto unaotoka ziwani juu ya ardhi. Maji hupenya chini kwa chini kupitia miamba ya volkano na kuondoka na chumvi ambayo ingerundikana humo. Yanayopotea hufidiwa na mito, hasa Malewa unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua na kuleta sehemu kubwa ya maji yote yaingiayo. Mvua ikikatika Nyandarua, ufuo wa Naivasha husogea ndani kwa mamia ya mita. Mvua zikifululiza, ziwa hupanda na kufunika malisho, barabara na miti. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakoamua, kuliko jambo lingine lolote, ni samaki gani watakuwa wengi na mvuvi atarajie nini.

Ziwa lisilo na samaki wake

Mtu anayetazama mitumbwi ikipakua samaki katika mialo ya Kamere au Karagita hawezi kudhani kwamba hakuna hata mmoja kati ya samaki hao aliye mwenyeji. Kabla ya karne ya 20 ziwa hili lilijulikana kuwa na aina moja tu ya samaki, kisamaki kidogo kisichofikia urefu wa kidole, ambacho wataalamu hukiita Aplocheilichthys antinorii. Mara ya mwisho kuonekana Naivasha ilikuwa mwaka 1962. Wengine wote waliletwa na watu kwa makusudi, waliingia kwa bahati mbaya, au waliteremka na mito.

Wa kwanza kuletwa alikuwa tilapia wa Mto Athi, mwaka 1925. Mwaka 1929 akafuata besi mdomo-mpana kutoka Marekani. Huyu aliletwa kwa ajili ya burudani: walowezi wa Kizungu walitaka samaki mkali anayepigana na ndoana, na besi, mwindaji mwenye mdomo mkubwa, alikidhi haja hiyo. Akapandikizwa tena mara nyingine katika miongo iliyofuata.

Mwaka 1956 aliletwa tilapia mwingine, aitwaye zillii, na pamoja naye akaingia kwa makosa tilapia leucostictus mwenye asili ya maziwa ya Albert na Edward. Mgeni huyo ambaye hakualikwa ndiye aliyestawi kupita wote. Alizaana na tilapia wa Athi hadi ukoo wa yule wa kwanza ukapotea ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tilapia wa Naili, ambaye Watanzania humwita sato, alijaribiwa katika miaka ya 1960 lakini hakudumu.

Uvuvi wa biashara ulifunguliwa mwaka 1959 kwa nyavu za kutega. Mavuno yalipanda haraka na kupita tani 1,000 mwaka 1970. Kisha yakaporomoka, na kwa miongo mitatu iliyofuata yakawa yakipanda na kushuka bila kurudi kwenye kilele hicho. Sababu zilikuwa mbili. Nyavu zilizidi, nyingine zikiwa na macho madogo yanayonasa samaki kabla hawajazaa. Wakati huo huo, ziwa lenyewe lilikuwa linabadilika chini ya maji.

Kamba na mimea

Mwaka huo huo wa 1970 aliletwa kamba mwekundu wa maji baridi, mwenye asili ya Louisiana nchini Marekani. Kwa muda alikuwa neema: alivuliwa kwa mitego na kuuzwa hadi Ulaya. Lakini kamba huyo hula karibu kila kitu, na hasa mimea inayoota chini ya maji. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimea hiyo ilikuwa imetoweka katika sehemu kubwa ya ziwa.

Mimea izamayo ndiyo makazi ya vifaranga vya tilapia na besi, ndiyo mahali pa wadudu wanaoliwa na vifaranga hao, na ndiyo inayoshika tope lisitibuke. Ilipoondoka, maji yalichafuka na samaki wadogo wakakosa pa kujificha. Baadaye kamba walipungua, mimea ikarudi, kamba wakaongezeka tena, na mzunguko huo ukaendelea kwa miaka mingi. Besi mkubwa alinufaika, kwa kuwa kamba ni chakula chake anachokipenda. Besi mdogo aliumia, kwa kuwa yeye hutegemea wadudu wa majini.

Juu ya maji nako kuliingia wageni. Salvinia, gugu linaloelea, lilionekana katika miaka ya 1960, na gugu maji likafuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Yote mawili hutanda kama zulia, huzuia mwanga na hewa, na huhamahama kwa upepo hadi kuziba mialo. Wadudu aina ya fukusi waliachiliwa ili kuyala, na wamepunguza nguvu zake, hasa za salvinia.

Kapi atwaa ziwa

Mwaka 2001 hali ya samaki ilikuwa mbaya kiasi kwamba uvuvi ulifungwa kwa takriban mwaka mzima. Mwaka huo huo alionekana kwa mara ya kwanza samaki mwenye magamba makubwa na sharubu fupi: kapi. Inaaminika alitoroka kutoka mabwawa ya kufugia samaki yaliyo juu ya mto, yaliyofurika wakati wa mvua kubwa za El Niño.

Kapi hufukua tope kwa mdomo akitafuta minyoo na wadudu. Kwa kufanya hivyo hung'oa mimea na kutibua maji. Besi, anayewinda kwa macho, hafanikiwi katika maji yenye tope. Tilapia hupoteza viota vyake. Kapi mwenyewe hana shida hizo: jike hutaga mayai mengi mno, huyabandika kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, na vifaranga hukua upesi. Kufikia 2010, zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa samaki waliovuliwa Naivasha ilikuwa ni kapi. Wavuvi waliolaani kuja kwake ndio waliokuja kupata riziki kutokana naye.

Miaka ya 2009 na 2010 ilikuwa ya ukame. Ziwa lilinywea, na mapema 2010 samaki walikufa kwa wingi. Katika maji machache yenye rutuba nyingi, mvua za ghafla zinapoingiza tope na uchafu, oksijeni inaweza kuisha kwa siku chache. Kisha mambo yakageuka. Kuanzia 2011 ziwa likaanza kujaa. Mwaka huo sato akapandikizwa upya, na safari hii akashika. Muda mfupi baadaye kambare naye akaanza kunaswa nyavuni. Mvua kubwa za 2019 na 2020 zilipandisha maji hadi kwenye nyumba na mashamba, zikaua mamia ya migunga ya ufuoni, na kuwafungulia samaki maeneo mapana ya kuzalia kwenye nyasi zilizozama.

Mvuvi wa ndoana atarajie nini

Sato na tilapia wengine ndio rahisi zaidi kwa anayeanza. Hukaa karibu na mafunjo na nyasi, kwenye maji ya kina kifupi, na kwa sababu joto halibadiliki sana karibu na ikweta, huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Jike la sato na la leucostictus huatamia mayai mdomoni, na kwa siku hizo halili, hivyo madume ndiyo hunaswa zaidi. Mshipi mwembamba, ndoana ndogo, boya jepesi na nyungunyungu vinatosha. Tilapia huonja chambo polepole, kwa hiyo boya linalotetemeka kidogo lisipuuzwe.

Kapi huvuliwa chini kabisa. Chubwi hushusha chambo hadi kwenye tope, na chambo chenyewe huwa donge la ugali mgumu au punje za mahindi yaliyochemshwa. Kinachohitajika ni mshipi imara na subira, kwani kapi hukua mkubwa na akishikwa hukimbia mbali kwa nguvu. Wavuvi wengi hutupa kwanza chakula kidogo mahali pamoja ili kumzoesha kuja.

Kambare hutoka jioni na usiku. Huongozwa na harufu na sharubu kuliko macho, kwa hiyo vipande vya nyama, utumbo wa kuku au samaki aliyekufa humvuta vizuri. Ana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa ya juu, ndiyo maana huvumilia maji yenye oksijeni kidogo ambayo yangewaua wengine.

Besi ndiye mtihani. Hayuko kwa wingi kama zamani, na anayemfuata sharti ayafuate maji maangavu: mbali na midomo ya mito wakati wa mvua, pembezoni mwa mimea na kwenye visiki. Migunga iliyokufa ndani ya maji imempa mahali pa kuvizia. Hupenda kushambulia alfajiri na jioni, na huvuliwa kwa chambo bandia chenye umbo la samaki mdogo au kamba, kinachovutwa kwa kusitasita ili kionekane kuwa hai na kimejeruhiwa.

Trauti, samaki wa maji ya baridi, hupatikana katika vijito vya juu vya Malewa. Mara chache mmoja huteremka hadi ziwani, lakini hakuna anayepaswa kupanga safari kwa ajili yake.

Sheria na usalama

Uvuvi wa burudani nchini Kenya huhitaji leseni kutoka idara ya uvuvi. Serikali pia hufunga uvuvi kwa vipindi fulani ili samaki wazae, na tarehe hutangazwa, hivyo ni vema kuuliza kabla ya kufunga safari. Mialo husimamiwa na vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo wanachama wake ni wavuvi, wachuuzi na wamiliki wa mitumbwi, na ndio wajuao vizuri samaki wako wapi wiki hiyo. Nyavu zenye macho madogo na uvuvi kwenye mazalio ni marufuku.

Mamba hawamo Naivasha, lakini viboko ni wengi na wameua watu. Mchana hukaa majini karibu na mafunjo, palepale anapokaa tilapia, na usiku hupanda ufuoni kula majani. Mvuvi wa ufuoni aondoke kabla giza halijaingia. Kambare avuliwe tu mahali penye uzio au ulinzi. Mwenye mtumbwi ajue kwamba asubuhi ziwa huwa tulivu, ila mchana upepo hunyanyuka ghafla na mawimbi yanaweza kupindua chombo kidogo. Jaketi la kuokolea ni la lazima.

Yanayoamua kesho

Tangu miaka ya 1980 mashamba ya maua yamezunguka ziwa na mji umekua haraka. Yote hunywa maji yaleyale, na mbolea, maji taka na udongo wa mashamba ya juu ya Malewa huishia ziwani na kulisha mwani. Mafunjo, ambayo huchuja uchafu huo na kuwahifadhi vifaranga, yamefyekwa katika sehemu nyingi. Naivasha imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 1995, lakini orodha hiyo hailindi mafunjo pasipo mtu wa kuyalinda.

Kwa mvuvi, hesabu ni rahisi kiasi. Ziwa likiwa limepanda kwa miaka miwili mitatu mfululizo, nyasi za pembezoni huwa zimefunikwa, vifaranga vimepata makazi, na tilapia huwa wengi na wakubwa. Likishuka, mazalio hukauka, maji hutibuka, na wanaobaki na nafasi nzuri ni kapi na kambare. Besi huhitaji maji maangavu na mimea, na hupungua kila kimojawapo kinapokosekana. Kabla ya kuchagua ndoana na chambo, basi, mvuvi aanze kwa kuuliza mwaloni kama maji yamepanda au yameshuka tangu mwaka jana.