Mikono inayotetemeka: tuache kutafuta mchawi

Huku kwetu Marabo, kwenye barabara ya Bunia–Komanda, mzee akitetemeka mkono watu wanasema ni uzee tu. Lakini mtoto wake wa miaka 40 akianza naye kutetemeka, maneno yanabadilika: nani anawaroga? Na kila mara kidole kinaangukia mama mzee asiye na mtu wa kumtetea. Bandugu wachimbaji, tusikilize kwanza madokta.

Iko ugonjwa unaoitwa Parkinson, jina la dokta Mwingereza aliyeuandika mwaka 1817. Mkono unatetemeka hata ukiwa umetulia juu ya goti. Mwili unakuwa mgumu, mtu anatembea polepole, uso haucheki tena. Wagonjwa wengi hawakuurithi. Lakini ziko jamaa ambamo unapita katika damu. Mwaka 1997 watafiti walipata chanzo chake katika jamaa moja kubwa ya Contursi, kijiji cha Italia: mtoto wa mgonjwa anaweza kuurithi, mmoja kwa wawili. Mwaka 1998 Wajapani walipata aina nyingine inayoanza ujanani. Hapo baba na mama wote wazima wanabeba kasoro bila kujua, na kila mtoto ana bahati mbaya moja kwa nne. Mu kijiji cha mbali, ambamo watu wanaoana ndugu kwa ndugu, kasoro hizo zinakutana upesi.

Si mambo ya Wazungu peke yao. Wilayani Hai, Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakapata wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wameambiwa hata siku moja jina la ugonjwa wao.

Sasa sisi wa dhahabu tuko na jambo lingine: merikiri. Moshi wake nao unatetemesha mikono, zaidi pale mtu anaposhika kikombe ao kuandika. Unaleta pia kukosa usingizi, hasira na kusahau. Baba akichoma dhahabu jikoni, mama na watoto wanavuta moshi ule ule. Kiisha wote wakitetemeka, jirani anasema ni ukoo. Hapana, ni chungu!

Kwa hiyo, usichome ndani ya nyumba. Tumia chombo cha kufunika kinachokamata moshi, mbali na watoto. Ukianza kutetemeka, enda kituo cha afya, useme wazi kazi yako, na nani mwingine katika jamaa anatetemeka, tangu mwaka gani. Ikiwa ni merikiri, kuiacha mapema kunaweza kusaidia. Ikiwa ni Parkinson, iko dawa ya levodopa: haiponyeshi, lakini inaweza kumrudishia mtu nguvu ya kujilisha mwenyewe.

Sisi wa sendika tunadai kila mchimbaji apimwe. Na yule mama mzee, tumwache akae kwa amani.