Mzigo ulizama, mfanyabiashara akaibuka na falsafa

MFANYABIASHARA wa mpakani anaijua siku ya kupoteza mzigo. Lori limepinduka, mvua imeingia kwenye magunia, au karatasi moja imekosekana na nyanya zinaozea kwenye foleni. Siku hiyo mtu hujiuliza: nimebaki na nini?

Swali hilo lilimkuta mwenzetu mmoja zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Aliitwa Zeno, mzaliwa wa mji wa Kition katika kisiwa cha Cyprus. Inasimuliwa kwamba alikuwa amepakia rangi ya zambarau, bidhaa ya bei kali enzi zile, chombo chake kikavunjika karibu na Piraeus, bandari ya Athens. Alipanda mjini, akaketi kwa muuza vitabu na kukutana na habari za Socrates. Akauliza watu wa namna hiyo wanapatikana wapi. Wakati huohuo mwanafalsafa Crates alikuwa akipita. Muuza vitabu akamwonyesha: mfuate yule.

Zeno akamfuata. Baadaye naye alianza kufundisha katika baraza yenye nguzo, kando ya soko la Athens. Baraza hiyo kwa Kigiriki ni stoa, na ndiyo maana wafuasi wake wakaitwa Wastoiki, yaani watu wa barazani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, falsafa hii haikuzaliwa mbali na wauzaji na wanunuzi.

Mazoezi ya kila siku

Wengi wetu tukisikia neno kutafakari tunamwona mtu aliyefumba macho, ametulia kama jiwe. Hata Socrates, anavyosimulia Plato, akiwa askari kule Potidaea aliwahi kusimama mahali pamoja akiwaza tangu asubuhi hadi jua la siku ya pili lilipochomoza. Lakini neno la Kigiriki melete lina maana ya mazoezi, kama mzungumzaji anavyoirudia hotuba yake kabla ya kusimama mbele ya watu. Mwanafalsafa naye alirudia mawazo yake kila siku, ili shida ikija imkute tayari.

Bingwa wa mazoezi hayo alikuwa Epictetus. Alizaliwa mtumwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akaja kupata uhuru wake Roma. Mwishoni mwa karne ya 1 Kaisari Domitian aliwafukuza wanafalsafa, naye akaenda kufungua shule Nicopolis, Ugiriki. Mwalimu wake, Musonius Rufus, aliwahi pia kupelekwa uhamishoni katika kisiwa kikavu cha Gyaros. Hawa walikuwa wakimbizi kama sisi tulivyokuwa.

Asubuhi, alifundisha, pitisha akilini mambo utakayokutana nayo. Ukienda kuoga kwenye bafu la umma, kumbuka kwamba kuna wanaorusha maji, wanaosukumana, wanaotukana na wanaoiba. Mchana, jambo likikugusa, lipime: hili liko mikononi mwangu, au haliko? Jioni, kabla ya usingizi, ipitie siku yako hatua kwa hatua: ulipokosea, ulilotenda, na wajibu uliouacha. Desturi hii ya jioni ilitoka kwa wafuasi wa Pythagoras. Seneca wa Roma aliifanya taa ikishaondolewa, mkewe akiwa amenyamaza kwa kuwa aliijua. Na Kaisari Marcus Aurelius, aliyetawala kuanzia mwaka 161 hadi 180, alijiandikia maonyo yake mwenyewe kwa Kigiriki, mengine akiwa vitani karibu na mto Danube.

Panga na shamba

Nilikimbia Burundi mwaka 1993 nikiwa na miaka 12, nikasomea kambini mkoani Kigoma. Katika sanduku la vitabu vya shule kulikuwa na kimoja cha Kifaransa, kimechanika jalada. Kilikuwa mwongozo wa Epictetus. Nilikikariri bila kujua kazi yake.

Kazi yake niliijua niliporejea mwaka 2008. Shamba la marehemu baba nilikuta limejaa migomba ya mtu mwingine, naye amezalia watoto pale. Nilipeleka malalamiko, nikaambiwa nirudi kesho, na kesho hiyo ikawa miezi. Usiku mmoja nilijikuta nimeshika mpini wa panga.

Nilikaa kitandani nikaipitia siku yangu. Uamuzi wa kesi haukuwa mikononi mwangu. Ulimi wa yule bwana haukuwa mikononi mwangu. Mkononi mwangu kulikuwa na panga tu. Nililirudisha mahali pake.

Wapo watakaosema kwamba falsafa hii inawafundisha wanyonge kunyamaza. Sivyo. Asubuhi yake nilirudi kudai haki yangu, na nikaendelea kurudi. Kilichobadilika ni kwamba nilikwenda na ukweli wangu bila hasira ya jana. Mwishowe wazee, bashingantahe, waligawa shamba katikati. Nusu niliyoikosa bado inaniuma. Lakini watoto wa yule bwana leo nawafundisha hesabu, na sikulala jela hata siku moja.

Majuzi nilimsimulia hayo mama mmoja anayepeleka dagaa hadi Kobero. Akanisikiliza, kisha akauliza: "Sasa mwalimu, hao Wagiriki wako walilipa ushuru?"

Nikamjibu kwamba walilipa. Pale Piraeus, karne ya 4 kabla ya Kristo, mzigo ulitozwa asilimia 2, ukiingia na ukitoka.

"Asilimia 2!" akacheka. "Basi waliwaza wakiwa wameshiba."

Akajitwika beseni lake. Kabla hajaondoka aliniomba nimrudilie yale maswali ya jioni, moja baada ya jingine, ili asiyasahau njiani.